Mafuta ya karafuu yaweza kuhifadhi chakula, lakini yana mipaka

MNAMO Julai 2019, Wakenya wengi walishtuka runinga moja ilipofichua madai kwamba baadhi ya maduka makubwa yalikuwa yakitia nyama kemikali ili ionekane mbichi kwa siku nyingi. Madai hayo yaliibua upya swali la zamani: je, kuna njia ya kiasili ya kuzuia chakula kuharibika?

Swali hilo si la anasa. Kwa mujibu wa makadirio ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwaka wa 2015, watu milioni 600 huugua kila mwaka kutokana na chakula kilichochafuliwa, na 420,000 kati yao hufariki. Watoto wa chini ya miaka mitano ni 125,000 miongoni mwa wanaofariki.

Jibu mojawapo limo katika viungo vya mapishi, hasa karafuu. Mafuta yake hupatikana kwa kupitisha mvuke wa maji moto kwenye karafuu, majani au makonyo, yaani vijiti vinavyosalia karafuu zinapochambuliwa. Kisiwani Pemba, kazi hiyo hufanyika katika kiwanda cha Wawi.

Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, kiini kinachoyapa harufu yake kali. Yujenoli hujipenyeza katika utando unaoizunguka seli ya bakteria na kuudhoofisha. Utando ukishalegea, vilivyomo ndani huvuja, nguvu za seli huisha na bakteria hufa au hushindwa kuzaana. Mafuta ya mdalasini na ya oregano pia yana uwezo wa kuangamiza bakteria.

Hata hivyo, bakteria si wa namna moja. Listeria, ambaye huweza kuzaana hata ndani ya jokofu, hudhurika kwa urahisi zaidi. Bakteria huyo ndiye aliyewaua watu zaidi ya 200 nchini Afrika Kusini kati ya 2017 na 2018, wengi wao wakihusishwa na ulaji wa soseji aina ya poloni. Salmonela, kwa upande wake, ana utando wa ziada wa nje unaomkinga, hivyo ni mgumu zaidi kumuua.

Isitoshe, kinachofaulu katika maabara huenda kisifaulu katika sufuria. Mafuta na protini za nyama hunasa yujenoli kabla haijawafikia bakteria, hivyo kiasi kikubwa zaidi huhitajika. Kikizidi, chakula huwa kikali kisilike. Ndiyo sababu wataalamu huyachanganya mafuta haya na chumvi, siki au baridi, au kuyatia katika karatasi za kufungia chakula ili mvuke wake ufanye kazi polepole.

Aidha, neno “asilia” halimaanishi kwamba kitu hakina madhara. Mafuta halisi ya karafuu yakinywewa, hasa na mtoto, yanaweza kuharibu ini. Kwa hiyo chupa yake haifai kuachwa mahali watoto wanapoweza kuifikia.

Vivyo hivyo, nyama iliyokwisha kuoza haiokolewi na karafuu. Harufu yake nzuri yaweza tu kuuficha uvundo. Mafuta haya ni msaidizi wa usafi, moto wa kutosha na jokofu, wala hayachukui nafasi yake.