Mhariri: neno moja, kazi nne

Mwandishi wa hadithi akimaliza mswada wake wa kwanza, kila anayemwonyesha humwambia neno lile lile: tafuta mhariri. Ushauri ni mzuri, ila haujamwambia amtafute nani. Anayesimamia gazeti zima huitwa mhariri. Anayeunganisha vipande vya filamu ni mhariri. Anayeondoa makosa ya tahajia ni mhariri, na anayemwambia mwandishi kwamba sura yake ya tatu imekufa ni mhariri pia. Neno hili limekuwa kama fundi. Anayeshona nguo ni fundi, anayejenga nyumba ni fundi, anayetengeneza saa ni fundi. Lakini hakuna ampelekeaye fundi saa kitambaa cha kanzu. Kwenye miswada, makosa ya namna hiyo hutokea kila siku.

Tuanze na neno lenyewe. Kuhariri kumetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa herufi tatu uliotupa pia huru na uhuru. Kitenzi cha Kiarabu kina maana mbili zinazokaa pamoja: kumwacha mtu huru, na kuandika au kusahihisha andiko likae sawasawa. Tahrir, jina la uwanja maarufu wa Cairo, ni ukombozi. Tahrir hiyo hiyo, ilipoingia kwetu na kuwa tahariri, ikawa ile makala inayobeba msimamo wa gazeti. Hata hariri, kitambaa laini, kinaandikwa kwa herufi za mzizi huo. Waingereza walichukua neno lao kutoka Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kutoa nje, ndiyo maana Wafaransa, waliorithi neno hilo hilo, mpaka leo hulitumia kwa mchapishaji. Neno lao linatazama kitabu kinapotoka mlangoni. Letu linatazama andiko likiwa bado limefungwa, na mtu anayelifungua.

Kwa nini basi wengi wetu tukisikia mhariri tunaona kalamu nyekundu tu? Historia ya uchapishaji wetu ina sehemu yake. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ikihusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Miongoni mwa kazi zake ilikuwa kupitia vitabu na kuvipa idhini vile vilivyofuata Kiswahili sanifu na tahajia iliyokubaliwa. Baadaye, nchini Tanzania, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1967, likapewa jukumu la kutoa ithibati ya lugha kwa vitabu vya shule. Kazi hiyo ilihitajika, kwani bila yake watoto wa nchi jirani wasingesoma maandishi ya namna moja. Lakini ilitujengea mazoea ya kudhani kwamba andiko likiwa sanifu limekwisha kuhaririwa. Riwaya inaweza kuwa haina kosa hata moja la tahajia na bado ikamchosha msomaji ukurasa wa kumi.

Ili kazi zilizojificha ndani ya neno hili zionekane, tutunge sentensi ya riwaya ambayo haipo: "Bi Mwanaidi alisimama gatini akiwa amesimama na huzuni nyingi sana moyoni mwake, akimsubiri mwanawe Athumani ambae alisafiri juzi."

Wa kwanza kuisoma awe mhariri wa muundo. Huyu haigusi sentensi. Anauliza: Athumani ni nani kwa msomaji? Mbona ameondoka kabla hatujamjua, na tunatakiwa tumlilie? Labda sura hii ingekuja ya nne. Labda hadithi si ya mama anayesubiri, ni ya kijana aliyeondoka. Kazi yake ni mifupa: mpangilio wa matukio, nafasi ya msimulizi, wahusika, mwendo.

Wa pili ni mhariri wa mtindo. Anaona kwamba kusimama kumetajwa mara mbili, na kwamba huzuni imetangazwa badala ya kuonekana. Anapendekeza: "Bi Mwanaidi alisimama gatini hadi maji yakapwa." Huzuni haikutajwa, lakini tumeiona. Huyu anasikiliza sauti na pumzi ya kila aya.

Wa tatu ni mhariri wa lugha. Ndiye anayeandika ambaye badala ya ambae. Ndiye anayekumbuka kwamba ukurasa wa 12 kijana aliitwa Athumani na ukurasa wa 90 ameitwa Athmani, na kwamba aliyesafiri juzi hawezi kuwa ameandika barua tatu kutoka ng'ambo.

Wa nne ni msoma prufu. Anakuja kurasa zikiwa zimekwisha kupangwa, anakamata herufi iliyodondoka, mstari uliorudiwa, nambari ya ukurasa iliyoruka. Kurekebisha hadithi hapa ni kuchelewa.

Utaratibu huo una sababu yake. Anayemlipa mhariri wa lugha kwanza, kisha akaambiwa na mhariri wa muundo aondoe sura tatu, amelipia usafi wa vyumba vinavyobomolewa. Ndiyo maana napendekeza tusiseme tena "mhariri" peke yake tunapozungumzia riwaya. Tuongeze neno la pili, kama tunavyosema fundi cherehani na fundi bomba. Na tumtenge na hao mhariri wa shirika la uchapishaji, ambaye kazi yake ya kwanza ni kuchagua mswada upi utoke. Huyo analipwa na mchapishaji. Mtu akijiita mhariri na kukutoza fedha ili "akupitishe" kwa mchapishaji, si mmoja wa hao wanne.

Kazi ya muundo ndiyo isiyojulikana sana kwetu, nayo ina mifano mikubwa. Mwaka 1957 Harper Lee alipeleka mswada kwenye kampuni ya Lippincott nchini Marekani. Mhariri wake, Tay Hohoff, aliona uhai umelala katika kumbukumbu za utotoni za mhusika, akamhimiza mwandishi airudie hadithi kwa macho ya mtoto. Waliifanyia kazi kwa zaidi ya miaka miwili. Kilichotoka mwaka 1960 ni To Kill a Mockingbird, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer. Mswada wa mwanzo ulichapishwa mwaka 2015 kwa jina la Go Set a Watchman. Akivisoma vyote viwili, mtu anaona wazi kwamba Hohoff hakumwandikia Lee kitabu. Alimwonyesha kitabu kilichokuwa kimefungiwa ndani ya kile cha kwanza.

Upande wa pili yupo Gordon Lish. Alipohariri mkusanyiko wa hadithi fupi za Raymond Carver uliotoka mwaka 1981, alikata zaidi ya nusu ya maneno. Carver alimwandikia akimsihi asimamishe uchapishaji. Kitabu kilitoka hivyo hivyo, kikasifiwa sana, na hadithi kama alivyoziandika mwenyewe zikachapishwa mwaka 2009, miaka zaidi ya ishirini baada ya kifo chake. Wasomaji wanabishana hadi leo ni zipi bora. Mimi naona swali la kwanza ni jingine: neno la mwisho lilikuwa la nani? Ikiwa mwandishi ameomba na hakusikilizwa, kilichofanyika hakiwezi kuitwa kuhariri kwa maana iliyomo katika mzizi wa neno letu.

Kwa mwandishi wa Kiswahili, hatari hiyo huja kwa mlango wa lahaja. Mzee wa Unguja ndani ya riwaya anasema, "Nshakwambia usende." Mhariri aliyefunzwa usanifu tu anaandika, "Nimekwisha kukuambia usiende." Ameinyoosha sentensi na kumzika aliyeisema. Mhariri wa lugha anayefaa hadithi anajua kwamba usanifu ni wa msimulizi akitaka, na kinywa cha mhusika ni cha mhusika.

Basi anapatikanaje? Anza na vitabu unavyovipenda: soma ukurasa wa shukrani, waandishi wengi humtaja aliyewahariri. Waulize waliochapisha. Nenda wanakokutana watu wa vitabu. Mwaka 1962, kwenye mkutano wa waandishi uliofanyika Makerere, Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Achebe akawa mhariri mshauri wa mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, na mwaka 1964 Weep Not, Child ikatoka ndani ya mfululizo huo.

Ukishampata, usimpe mswada wote. Mpe kurasa kumi. Muulize hupenda kusoma nini. Asiyesoma riwaya kwa hiari yake hawezi kuitengeneza yako. Kisha angalia maelezo aliyoandika pembeni. Je, yana maswali, au amri tupu? Je, unaposoma mapendekezo yake unasikia sauti yako ikiwa safi zaidi, au unasikia yake? Mkikubaliana, andikianeni: ni kazi ipi kati ya zile nne, awamu ngapi, lini, malipo gani, na kwamba uamuzi wa mwisho na hakimiliki ni vya mwandishi.

Maelezo yake yatakuuma siku ya kwanza. Yaache siku tatu, kisha yarudie ukiwa na mswada mkononi. Ukikuta mahali aliposema "kata" na sentensi iliyobaki inasimama yenyewe, kama Bi Mwanaidi pale gatini maji yakipwa, utakuwa umempata anayestahili jina hilo.