Umri wa Vyombo vya Kaure

Mtu apewaye bakuli kongwe la Kichina au la Kijapani na kuulizwa umri wake, aghalabu hulipindua mara moja akatafuta maandishi chini yake, akidhani kuwa alama ile ya samawati ni mfano wa hati ya kadhi, isiyo na shaka wala ubishi. Kumbe miongoni mwa mashahidi wote alama ndiyo ya kusikilizwa mwisho.

Ni kweli kwamba tangu zama za nasaba ya Ming mafundi wa Jingdezhen, mji wa matanuri katika jimbo la Jiangxi, waliandika chini ya vyombo vya kifalme jina la enzi iliyopo, mara nyingi kwa herufi sita zisomwazo kutoka juu kwenda chini, kwa kuanzia safu ya kulia. Lakini mafundi wa enzi ya Kangxi, iliyodumu tangu 1662 hata 1722, waliandika pasipo haya jina la Xuande, enzi ya 1426 hata 1435, au la Chenghua, ya 1465 hata 1487, wala si daima kwa nia ya kughushi, bali kwa kuitukuza kazi ya waliotangulia. Na mafundi wa Arita, huko Ujapani, nao wakaliiga jina hilo hilo la Chenghua. Zaidi ya hayo, mwaka 1677 liwali wa Jingdezhen alikataza jina la mfalme lisiandikwe kwenye vyombo, na kwa sababu hiyo vingi vya wakati ule vina duara mbili tupu, au jani, au ua. Herufi za Kizungu ndizo zenye hadhi ya ushahidi wa sheria: tangu 1891 forodha ya Marekani ilidai kila bidhaa itaje nchi itokako, Wajapani wakaandika Nippon, hata 1921 ilipoamriwa waandike Japan.

Kwa hiyo mjuzi huanza na kitako. Sahani za kijani za Longquan huonyesha, pale zisipopakwa rangi ya kung'aa, udongo uliogeuka mwekundu kwa moto wa tanuri. Vyombo vyeupe vyenye michoro ya samawati vilistawi katika karne ya 14, kwa rangi iliyoletwa kutoka Uajemi, na nguzo ya hesabu ya umri wake ni mitungi miwili iliyotolewa nadhiri hekaluni mwaka 1351, ambayo sasa imo katika Makumbusho ya Uingereza, London. Ujapani ilianza kaure mwanzoni mwa karne ya 17. Na baada ya nasaba ya Ming kuanguka mwaka 1644, fitina za Uchina zilipoiharibu biashara, Waholanzi walielekea Arita, ambako sahani nyingi ziliegemezwa tanurini juu ya vijiti vya udongo, navyo vikaacha chini yake vidoa vidogo ambavyo ni nadra kuonekana katika kazi ya Wachina.

Ilmu hii haikuishia makabatini mwa matajiri. Katika pwani yetu, mabakuli ya Kichina yalipachikwa katika makaburi ya mnara, kama yale ya Kunduchi, na vigae vyake vimetapakaa Kilwa. Naye James Kirkman, aliyechimba magofu ya Gedi tangu 1948, alitumia vigae hivyo kukadiria umri wa nyumba na misikiti, akisaidiwa na kaburi moja lililoandikwa mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. Hata hivyo bakuli hutoa mpaka wa mwanzo tu, kwa maana chombo cha thamani huweza kurithiwa kwa vizazi kabla ya kutiwa ukutani.

Basi bakuli ling'olewapo kaburini, hata likiwa zima, huuacha ushahidi wake katika chokaa. Na mwenye kuliona mahali pake, wajibu wake ni kuliacha papo hapo na kuwaarifu watu wa makumbusho.