Sitaha na Mtarakwa: Historia ya Mbao za Nje katika Nyanda za Loliondo

Sitaha, katika lugha ya mabaharia wa Pwani, ni sakafu ya juu ya chombo, yaani mbao zilizopangwa juu ya mataruma ili watu wakanyage na shehena ikae salama chini yake, na neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ambako asili yake hutaja uso wa juu wa kitu au paa bapa la nyumba. Mtarakwa ulisafiri kwa njia iliyo kinyume: haumei Pwani hata kidogo, hivyo Kiswahili kililazimika kulipokea jina lake kutoka kwa watu wa milimani, ambao kati yao Wamasai huuita oltarakwai. Maneno hayo mawili yanakutana leo katika wilaya ya Ngorongoro, ambako kambi za wageni hujengwa juu ya majukwaa ya mbao yaliyoinuliwa kutoka ardhini, yakipigwa na jua, mvua na umande wa milimani mwaka mzima, na swali la mbao ipi itadumu katika mazingira hayo lina historia ndefu kuliko kambi zenyewe.

Mtarakwa, ambao wataalamu wa mimea huuita Juniperus procera, humea katika milima mikavu kuanzia Uarabuni na Ethiopia hadi kusini mwa Afrika ya Kati. Katika misitu ya Loliondo, na ng'ambo ya mpaka katika msitu wa Naimina Enkiyio wa Wamasai wa Loita nchini Kenya, husimama pamoja na mzeituni wa porini, unaoitwa oloirien kwa Kimasai, na pamoja na mpodo. Hapa panahitajika ufafanuzi wa istilahi, kwa kuwa wauzaji wa mbao huzoea kusema kwamba kazi ya nje hutaka mbao ngumu. Mtaalamu wa misitu anapotaja mbao ngumu hakusudii ugumu unaohisiwa na msumari, bali jamii ya miti yenye majani mapana, kama vile mninga na mvule, ilhali miti ya jamii ya misonobari huiita mbao laini hata pale inapokuwa imara. Kwa hesabu hiyo mtarakwa ni mbao laini, na mpodo pia ni mbao laini, lakini nguzo ya mpodo iliyosimikwa ardhini huoza upesi huku ya mtarakwa ikivumilia kwa miongo kadhaa, jambo linaloonyesha kwamba jina la kundi halitoshi kumwongoza mjenzi.

Kinachoamua ni kiini, yaani sehemu ya ndani ya shina ambayo imekwisha kuacha kupitisha maji na ambamo mti umeweka mafuta na kemikali zinazowachukiza kuvu na mchwa. Sehemu ya nje, iliyo nyeupe na ambayo bado hupitisha maji wakati mti uko hai, haina ulinzi huo katika mti wowote, uwe wa bei ndogo au kubwa. Kuvu waozeshao mbao huhitaji unyevu na hewa kwa pamoja, na ndiyo maana nguzo haianzi kuoza kileleni, ambako hukauka haraka, wala chini kabisa, ambako hewa ni haba, bali pale inapotoka ardhini, kwenye usawa wa udongo. Kiini chekundu cha mtarakwa, chenye harufu inayojulikana na kila aliyewahi kuupasua, hustahimili mahali hapo kuliko mbao nyingi zinazosifiwa sokoni.

Wakazi wa zamani wa nyanda hizi hawakuacha maandishi juu ya elimu hiyo, na mbao, tofauti na jiwe, hazimwachii mwanahistoria mengi. Huko Engaruka, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya mji wa wakulima waliotumia umwagiliaji kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, na miongoni mwa mabaki hayo ni majukwaa ya kujengea nyumba, yaliyosawazishwa katika mteremko na kuzuiwa kwa kuta za mawe. Mawe yapo, lakini nguzo na fito zilizosimama juu yake zimetoweka zote. Wabatemi, ambao majirani na wageni waliwaita Wasonjo, waliendeleza kilimo cha mifereji katika bonde lililo chini ya Loliondo, na vijiji vyao vilizungukwa na maboma mazito yenye milango michache kwa sababu ya hofu ya kuvamiwa, ulinzi ambao uliandikwa na Henry Fosbrooke na baadaye na Robert Gray, katika kitabu chake cha mwaka 1963 kuhusu jamii hiyo. Upande wa Karatu, ambako Wairaqw walienea kutoka Mbulu, tembe yao ilikuwa na paa bapa la udongo lililobebwa na nguzo nene. Mtu yeyote anayetaka kujua maana ya mzigo juu ya mbao na aupime udongo huo baada ya mvua za masika, kwa maana uzito wake ulizidi kwa mbali ule wa viti na meza vinavyowekwa leo juu ya sitaha.

Kwa Wamasai nyumba ni kazi ya wanawake, nao huijenga kwa fito zilizopindwa na kukandikwa samadi. Pale nguzo ya kudumu ilipohitajika, mtarakwa ulikuwa na sifa moja zaidi inayosahauliwa na vitabu vingi: hupasuka kwa urahisi kufuata nyuzi zake, hivyo shoka na kabari hutosha kutoa nguzo kutoka katika gogo bila msumeno. Sifa hiyohiyo ndiyo kasoro yake, kwa kuwa ubao mwembamba wa mtarakwa hupasuka msumari unapopigwa karibu na ncha bila kutobolewa kwanza.

Wakati wa ukoloni urahisi wa mtarakwa kuchongeka uligeuka kuwa balaa kwa msitu. Viwanda vya penseli vya Ulaya vilikuwa vikitegemea mti wa jamii hiyohiyo kutoka Marekani, na ulipoanza kuadimika Wajerumani waligeukia Usambara, ambako kampuni ya Wilkins na Wiese ilivuna mitarakwa ya Shume na kuishusha kwa njia ya kamba za chuma hadi Mkumbara, kwenye reli ya Tanga, kabla ya vita vya mwaka 1914. Mti uliohitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa uliishia kuwa ganda la kalamu inayochongwa na kutupwa baada ya majuma machache, na ni vigumu kuitaja hesabu hiyo bila masikitiko. Loliondo, iliyokuwa mbali na reli na bandari, ilinusurika.

Wakati huohuo Pwani ilikuwa na mapokeo yake ya mbao za nje. Msaji kutoka Malabar ulitumiwa kutengeneza majahazi kwa kuwa haubadiliki sana kati ya kulowa na kukauka, mbambakofi ulisifiwa katika milango, na mvule ulikuwa mbadala wa msaji, ijapokuwa ndani ya shina lake hutokea mawe ya chokaa yanayoharibu meno ya msumeno. Mninga wa misitu ya miombo, kuanzia Tabora hadi Katavi, ulipendwa na maseremala kwa kuwa husinyaa kidogo sana, na kwa sakafu ya nje sifa hiyo ina thamani kuliko uzito, kwa sababu ubao unaosinyaa na kuvimba kila siku hulegeza skrubu, hujikunja, na kufungua nyufa ambamo maji hukaa.

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na sheria ya mwaka 1959 ikaitenga Ngorongoro na kuwahamisha Wamasai kutoka Serengeti. Utalii ulipokua, masharti ya kambi za mahema yalitaka majengo mepesi yanayoweza kuondolewa, na hapo sitaha ya mbao ikachukua nafasi ya sakafu ya saruji. Makosa yanayoonekana katika sitaha nyingi hayatokani na ubaya wa mti, bali na kutotofautisha mguu na uso: mguu hukaa katika udongo na hutaka kiini cha mti kama mtarakwa au nguzo iliyotiwa dawa kiwandani, ilhali uso hukanyagwa na kuoshwa, nao hutaka ubao uliotulia kama mninga au msaji, uliokaushwa vizuri na kupangwa kwa nafasi ndogo ili maji yapite na hewa ipande kutoka chini.

Msaji haumhitaji tena msafiri wa Malabar. Wajerumani waliuleta Tanganyika mwaka 1898, na mashamba ya Longuza wilayani Muheza na Mtibwa mkoani Morogoro, yaliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, huuza magogo yake, ingawa mnunuzi aukague ubao mmoja mmoja, kwa kuwa mti uliovunwa ungali mchanga huwa na sehemu nyeupe kubwa ambayo kuvu hawaiheshimu. Kwa mninga na mbao nyingine za msitu wa asili adai hati ya kusafirishia na aitafute alama ya nyundo ya serikali katika gogo, na anayeletewa nguzo za mtarakwa bila karatasi hizo azikatae. Barabara ya lami imekwisha kufika Karatu na kuendelea hadi lango la Ngorongoro, hivyo msaji wa Muheza unaweza kufikishwa huko kwa lori, na hakuna mwenye kambi aliye na udhuru wa kuangusha mtarakwa uliosimama Loliondo.