Seva ya nyumbani haionekani tena? Namna ya kurudisha mipangilio ya mtandao bila kupoteza data

Picha za arusi, diploma za watoto, hati za parsele: jamaa zingine huziweka zote katika seva ndogo ya nyumbani, lile sanduku lenye diski ngumu ndani linalounganishwa na modeme. Siku moja modeme inabadilishwa, na seva haionekani tena ku kompyuta wala ku simu. Mwenyewe anafikiri kila kitu kimepotea. Mara nyingi hakuna kilichopotea: ni anwani tu ndiyo haipatane na modeme mpya.

Sababu ni nini?

Katika mtandao wa nyumba, kila chombo kina anwani yake, inayoitwa IP. Kama seva ilipewa anwani isiyobadilika, mfano 192.168.1.20, na modeme mpya inatumia zile zinazoanza na 192.168.8, hizo mbili hazisikilizani. Ni kama nyumba mbili za avenyu tofauti zisizokuwa na njia katikati.

Kabla ya kugusa kifungo

Angalia kama kamba ya mtandao imeingia vizuri na taa yake inawaka. Kiisha tafuta seva kwa programu ya mtengenezaji: Synology Assistant kwa seva za Synology, Qfinder Pro kwa QNAP. Ikionekana, badilisha anwani humo humo. Kazi imeisha.

Kama bado haionekani

Kwa Synology, fanya hivi:

1. Acha seva iwake kabisa.
2. Nyuma yake tafuta tundu dogo lililoandikwa RESET. Ingiza ncha ya kibanio cha karatasi.
3. Finya karibu sekunde 4. Ikilia mara moja, achia palepale.
4. Ngojea kidogo, kiisha itafute tena. Sasa itaomba anwani kwa modeme yenyewe, njia inayoitwa DHCP.
5. Ingia kwa jina admin, bila neno la siri, na uweke neno jipya.

Kwa QNAP, finya sekunde 3, mpaka mlio mmoja.

Nini inabadilika, nini inabaki?

Picha na hati zinabaki. Anwani na neno la siri la msimamizi ndivyo vinarudi kama mwanzo. Kwa Synology, ukuta wa kinga ya mtandao nao unazimwa, kwa hiyo uuwashe tena.

Hatari iko katika kufinya kupita kiasi. Kwa QNAP, sekunde 10 na milio miwili zinafuta mipangilio yote, pamoja na majina ya watumiaji. Kwa Synology, kufinya mara ya pili palepale kunalazimisha kuweka upya programu ya seva. Na ukiona katika menyu maneno ya kufuta data yote, usikubali: hapo ndipo picha zinaenda kweli.

Ili isirudie

Acha seva ikae ku DHCP, kiisha uiandikie anwani yake ndani ya modeme. Siku modeme itabadilika, seva itafuata yenyewe. Na hati za maana, weka nakala yake ku diski ingine, nje ya nyumba. Kifungo hakifute data, lakini mwizi ao moto haviulizi.