Jinsi nukuu zilivyouokoa mkato

Kabla ya mkato kulikuwa na kadi. Katika miaka ya 1960 data nyingi ziliingia kwenye kompyuta kwa kadi za karatasi zilizotobolewa matundu, kila moja ikiwa na safu wima 80. Kila taarifa ilikuwa na safu zake. Mtoboaji akiteleza safu moja tu, 4500 ilisomeka 450, na mashine iliendelea na kazi kama kawaida.

Mwaka 1972 kompaila ya Fortran ya IBM iliruhusu thamani zitenganishwe kwa mkato. Kazi ya kuhesabu nafasi ikapungua, lakini shida ikahamia kwingine, kwa kuwa watu nao huandika mikato. Tazama mstari huu:

Asha,"S.L.P. 120, Moshi","1,250,000"

Sisi tunaona vitu vitatu: jina, anwani na fedha. Programu inayokata kila inapokuta mkato itatoa vipande sita.

Hapo ndipo nukuu zinapofanya kazi ambayo, kwa maoni yangu, haijapewa heshima inayostahili. Programu husoma herufi moja baada ya nyingine huku ikikumbuka jambo moja: imo ndani ya nukuu au iko nje? Ikiwa nje, mkato hutenganisha. Ikiwa ndani, mkato ni herufi tu kama nyingine. Nukuu yenyewe ikihitajika ndani ya maandishi, huandikwa mara mbili mfululizo. Hata mstari mpya ukiwa ndani ya nukuu, rekodi hubaki moja.

Kufikia 1983 jina CSV (thamani zilizotenganishwa kwa mkato) lilikuwa likitumika, na utaratibu wa kuweka mikato ndani ya nukuu ulikuwa umeelezwa katika kitabu cha maelekezo cha kompyuta ya Osborne Executive, iliyouzwa pamoja na programu ya lahajedwali ya SuperCalc. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 kila mtengenezaji alifuata desturi yake, hadi Oktoba 2005 Yakov Shafranovich alipoandika kanuni zilizozoeleka katika waraka wa RFC 4180.

Waraka huo haukumaliza tofauti. Ujerumani na Ufaransa hutumia mkato kwenye desimali, hivyo faili nyingi za huko hutenganishwa kwa nukta mkato. Kwa hiyo namsihi kila mwandishi wa programu asikate mistari kwa mkono, bali atumie zana iliyo tayari. Python, kwa mfano, ina moduli ya csv tangu 2003, na Asha hastahili fedha zake zisomwe kama shilingi moja.