Farm 17: Kambi Iliyotangulia Taifa

Waingereza walifika Nachingwea, kusini mwa Tanzania, wakitafuta mafuta ya karanga. Mwishoni mwa miaka ya 1940 walifyeka pori kwa matrekta na kujenga reli kutoka Mtwara, lakini kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Reli yenyewe ilifungwa 1962, kisha ikang'olewa. Wilaya bado ina kata iitwayo Stesheni; treni ndiyo haipo.

Mwaka 1965 wageni wengine walikaribishwa, safari hii si wakoloni. Serikali ya Tanzania iliwapa Frelimo, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoasisiwa Dar es Salaam 1962, kambi ya mafunzo katika eneo la Farm 17. Vijana waliokuja kambini walikuwa Wamakonde, Wamakua, Wayao, Washangana. Wengi hawakuwahi kuishi na mtu wa kabila lingine. Samora Machel, aliyeiongoza kambi, hakutaka jeshi la makabila. Kwa hiyo walichanganywa. Walilala pamoja, wakalima chakula chao wenyewe, na wakubwa nao wakashika jembe. Jioni kila upande ulicheza ngoma yake mbele ya wengine, hata Mmakonde akaijua ya kusini. Darasani walisoma Kireno, lugha ya mkoloni yule yule waliyekuwa wakijifunza kumpiga risasi.

Jambo gumu zaidi lilikuja 1967, wasichana walipoanza mafunzo ya silaha, Josina Muthemba akiwa miongoni mwao. Wazee wengi hawakulipenda: binti asiye chini ya baba wala mume, tena na bunduki begani! Wasichana waliendelea.

Umoja huo ulikuwa na makali yake, na hapa sifa za kambi zinahitaji kupunguzwa. Kabla ya uhuru, mwaka 1975, Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Frelimo, aliletwa Nachingwea pamoja na wapinzani wengine na kulazimishwa kusoma "kukiri" kwake mbele ya umati. Baadaye aliuawa kwa siri, bila kesi ya haki. Aliyekuwa ndugu aligeuzwa msaliti.

Msumbiji ilipata uhuru 25 Juni 1975. Bendera yake ya sasa, ya 1983, ina kitabu, jembe na bunduki, vitu vitatu ambavyo kurutu wa Nachingwea alivishika kila siku. Mwaka 2005 yalifanyika mashindano ya kubuni bendera mpya, na wapinzani wakataka bunduki iondolewe. Frelimo, ikiwa na wingi bungeni, ikaiacha palepale.