Nakala Isiyochakaa: Kwa Nini Seva za Muziki Hazisikiki Sawa

Chukua wimbo mmoja, mwimbaji yuleyule, jina lilelile. Usikilize kutoka seva mbili tofauti. Kuna watakaokuapia kwamba seva ya kwanza ina sauti pana na besi iliyoshiba, na ya pili imekauka kama muhogo wa juzi. Wengine watacheka tu: ah, biti ni biti, moja na sifuri, tofauti itoke wapi? Ugomvi huu una zaidi ya miaka 40 sasa. Ukiufuatilia tangu chanzo chake utaona kila upande umeshika kipande cha ukweli, ila kipande chenyewe mara nyingi hakipo pale wanapogombania.

Wapenzi wa fasihi hatupaswi kuuona ugomvi huu kuwa wa mafundi peke yao. Ni ugomvi wa nakala, na nakala ni jambo letu. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir imetufikia kwa miswada inayotofautiana, maana kila aliyenakili kwa mkono aliacha alama yake: neno hapa, mpangilio wa beti pale. Mhariri akitaka kuichapa lazima aulize kwanza, nakala hii imetoka wapi? Swali hilohilo ndilo linalofungua fumbo la seva.

Turudi 1928. Mwaka huo Siti binti Saad na wenzake walivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Mwaka huohuo, huko Marekani, mhandisi Harry Nyquist alichapisha makala kuhusu upelekaji wa ishara za simu za maandishi. Hakuwa na habari za taarab. Lakini hoja yake, iliyokuja kukamilishwa na Claude Shannon mwaka 1949, ilikuwa na maana kubwa kwa kila mwimbaji. Ilisema kwamba wimbi likipimwa kwa haraka ya kutosha, zaidi ya mara mbili ya mtetemo wake wa juu kabisa, vipimo hivyo vinatosha kulijenga upya wimbi zima. Kwa maneno mengine, sauti inaweza kuandikwa kama orodha ya namba.

Hilo lilikuwa jambo geni kabisa, kwa sababu kabla yake kila nakala ilikuwa duni kuliko mama yake. Santuri ilichakaa kila sindano ilipopita. Kaseti iliyonakiliwa kutoka kaseti nyingine ilibeba mchakacho wa zote mbili, na wa tatu alipoazima na kunakili, mambo yakawa si mambo. Namba hazichakai. Ukinakili 7 mara elfu, inabaki 7.

Ahadi hiyo ilifika sokoni Oktoba 1982, CD ilipoanza kuuzwa Japani baada ya Sony na Philips kukubaliana vipimo. Sikio la binadamu husikia mpaka kama mitetemo 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo CD hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo kwa biti 16. Namba hiyo ya ajabu ina historia yake. Siku hizo sauti ya kidijitali ilihifadhiwa kwenye kanda za video, vipimo 3 katika kila mstari wa picha, mistari 245, mara 60 kwa sekunde. Zidisha mwenyewe. Na ili mkwaruzo mdogo usiharibu wimbo, waliongeza hesabu za kusahihisha makosa zilizobuniwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Basi ikaonekana kesi imekwisha: nakala zote ni sawa.

Kesi ikafunguliwa upya na bei ya nafasi. Sekunde moja ya CD ni biti zipatazo 1,411,000, na kompyuta za miaka ya 1990 hazikuwa na tumbo la kumeza mzigo huo. Karlheinz Brandenburg na wenzake wa taasisi ya Fraunhofer, Ujerumani, walikuwa wamechunguza udhaifu wa sikio: sauti kubwa huifunika ndogo iliyo jirani yake. Kama haisikiki, ya nini kuihifadhi? Wakaitupa. Brandenburg alijaribia kazi yake kwa "Tom's Diner" ya Suzanne Vega, kwa sababu sauti ya mtu mmoja bila ala ilifichua kila kasoro. Mwaka 1995 mafaili hayo yalipewa jina la mp3. Kwa kiwango kilichozoeleka cha biti 128,000 kwa sekunde, faili lilibaki na takriban sehemu moja kati ya 11 za CD.

Napster ilipoanza 1999, nyimbo zilisambaa dunia nzima zikiwa zimepunguzwa hivyo, kila mtu kwa kiwango chake na programu yake. Hapo ndipo jibu la kwanza lilipo: seva mbili zinaweza kuwa na wimbo mmoja kwa jina tu. Mwaka 2001 ikaja FLAC, njia ya kubana faili bila kutupa hata biti moja, na mwaka huohuo kampuni ya Slim Devices ikatoa kisanduku cha kuchezea sebuleni muziki ulio kwenye kompyuta. Seva ya muziki ikaingia nyumbani. Huko nje, kampuni za muziki wa mtandaoni hazikwenda kwa mwendo mmoja. Tidal ilianza na sauti isiyopunguzwa mwaka 2014, Apple Music ikafuata 2021, Spotify 2025. Kwa miaka mingi basi, aliyesema "huku kunasikika vizuri kuliko kule" huenda alikuwa akilinganisha mafaili tofauti kabisa.

Jibu la pili ni masta, yaani rekodi ya mwisho inayotoka studio kabla ya kusambazwa. Albamu moja inaweza kuwa na masta kadhaa. Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica, ya 2008. Wasikilizaji waligundua kwamba nyimbo hizohizo ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa na pumzi, ngoma zinapanda na kushuka, wakati kwenye CD zilikuwa zimekandamizwa hadi kila kitu kinapiga kelele kwa pamoja. Ni albamu moja na mwaka mmoja, lakini matoleo mawili. Seva ikikuletea toleo moja na nyingine jingine, usiilaumu wala usiisifu.

La tatu ni ukubwa wa sauti. Sikio lina tabia ya kudanganyika: sauti iliyopanda kidogo tu, kiasi ambacho hutatambua kwamba imepanda, huonekana safi zaidi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lilitoa kipimo cha ukubwa wa sauti kama binadamu anavyousikia, na kampuni za mtandaoni zikakitumia kusawazisha nyimbo. Lakini hazikukubaliana kiwango kimoja, na wengine husikiliza usawazishaji ukiwa umezimwa. Kumbe "ubora" unaosifiwa mara nyingine ni sauti tu iliyopandishwa.

Je, wale wanaosema kisanduku chenyewe kina sauti yake, ni waongo? Hapana. Namba za muziki lazima zisomwe kwa wakati wake, kama ngoma. Katika vifaa vya zamani vilivyounganishwa kwa waya wa kidijitali, saa ya mpigo ilitoka kwa kifaa kinachotuma. Saa ikiyumbayumba, namba zilifika sahihi lakini si kwa wakati, na mhandisi Julian Dunn alikuwa akilieleza tatizo hilo mapema miaka ya 1990. Baadaye vikaja vigeuzi vya sauti vyenye saa yake vyenyewe, vinavyoagiza data pale vinapoihitaji. Na muziki unaopita kwenye mtandao hufika kwa vifurushi, ukahifadhiwa kwanza ndipo ukachezwa. Kilichobaki ni kelele ya umeme inayoweza kupenya kupitia waya kutoka kompyuta hadi kigeuzi. Kwenye kigeuzi kibovu inasikika. Kwenye kilichoundwa vizuri, tofauti inakuwa ndogo mno kuliko pesa inayodaiwa kwa ajili yake.

Kuhusu pesa, historia ina funzo. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio ambamo wasikilizaji walilinganisha rekodi za viwango vya juu na zilezile zikipitishwa kwenye kipimo cha CD. Katika majaribio zaidi ya 500, majibu sahihi yalikuwa karibu nusu, sawa na kurusha sarafu. Hata hivyo, mwaka 2014 ukatangazwa mfumo wa MQA, ulioahidi sauti ya studio ndani ya faili dogo. Mwaka 2023 kampuni yake ikaingia chini ya usimamizi wa ufilisi, na mwaka uliofuata Tidal ikauacha na kurudi kwenye FLAC.

Yote haya yangebaki kuwa burudani ya wenye nafasi kama isingekuwa suala la muziki wetu wa zamani. Santuri za enzi ya Siti, na kanda zilizolala kwenye maktaba za redio zetu, zinaoza taratibu, na nyingi zitahamishiwa kwenye dijitali mara moja tu. Uamuzi wa siku hiyo utabaki. Santuri za mizunguko 78 zinahitaji sindano pana kuliko ya santuri za baadaye, na si zote zilizorekodiwa kwa mizunguko 78 kamili. Ukikosea kasi kwa asilimia 6 hivi, mwimbaji anapanda au kushuka nusu toni nzima, na vizazi vitamjua kwa sauti isiyo yake. Ukihifadhi mp3 peke yake, kilichotupwa hakirudi. Na mtu akiichukua mp3 hiyo akaipandisha kwenye mtandao unaoibana tena, inakuwa kaseti ya kaseti kwa mara nyingine.

Seva haina hisia. Inatunza kwa uaminifu kamili chochote ilichopewa, kizuri au kibaya. Zamani nakala mbaya ilichakaa ikapotea, siku hizi inadumu na kuzaana hadi watu waione ndiyo asili. Ndiyo maana IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inapendekeza rekodi za kale zihamishwe kwa vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde na biti 24, bila kubanwa kwa kutupa.

Kwa hiyo ukisikia seva mbili hazifanani, kabla ya kununua waya mpya fanya kama mhariri wa utenzi. Sawazisha sauti kwanza, kisha uliza: faili hili ni toleo gani, limetoka kwenye masta ipi, nani alilinakili na kwa kasi gani? Na wewe mwenye santuri za bibi kwenye sanduku, siku utakapozihamisha, andika hayo yote ndani ya faili. Atakayesikiliza miaka 50 ijayo hatakuwa na santuri ya kulinganishia.